Kupima mimba ya mnyama wa porini bila kumgusa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wahudumu wa wanyama, wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na wasomaji wa kawaida waliosikia kwamba faru anaweza kupimwa mimba kwa mavi yake. Anaweza. Ila kuna mambo ya kuyajua kabla ya kuyaamini majibu.

Kwa nini mnyama asichomwe tu sindano ya usingizi, akalala, daktari akampima?

Inawezekana, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika. Tatizo ni kwamba mnyama mkubwa aliyelazwa kwa dawa yuko hatarini hata akiwa mzima kabisa. Faru akilala ubavu muda mrefu, uzito wake mwenyewe hubana misuli na mapafu. Twiga ni mgumu zaidi: kwa shingo ile na presha ya damu ile, madaktari wengi humlaza pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Sasa weka na mimba juu yake. Kijusi hupata oksijeni kupitia kwa mama, na dawa za usingizi hupunguza kasi ya mama kupumua. Jike aliyefukuzwa na gari, akachomwa mshale, akaanguka, anaweza kupoteza mimba ileile tuliyotaka kuithibitisha.

Sababu nyingine huwa haisemwi sana. Kipimo kimoja cha damu cha siku moja, kwa wanyama wengi wa porini, hakitoi jibu. Unahitaji sampuli nyingi mfululizo kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemlaza faru kila Jumatatu. Kinyesi, kwa upande wake, kinapatikana kila asubuhi, na mnyama hajui kwamba amepimwa.

Kipimo kinatafuta nini hasa?

Mara nyingi kinatafuta projesteroni. Yai likishapevuka na kutoka, pale lilipokuwa kwenye ovari hujengeka tezi ndogo inayotoa homoni hiyo, ambayo kazi yake ni kuuandaa na kuutuliza mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, tezi hiyo hufa na projesteroni hushuka. Mimba ikitunga, projesteroni hubaki juu, na kwa wanyama wengi kondo la nyuma huongeza ya kwake.

Projesteroni iliyokwisha kazi haikai kwenye damu. Ini huivunjavunja, na mabaki hutoka kwa njia mbili: mengine kupitia figo hadi kwenye mkojo, mengine kupitia nyongo hadi kwenye kinyesi. Maabara hupima hayo mabaki. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kila spishi huvunja homoni kwa namna yake. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe si lazima kimfae tembo. Na tembo ana lake zaidi: ovari zake hutoa kwa wingi jamaa za projesteroni kuliko projesteroni yenyewe. Ndiyo maana watafiti wa mwanzo walipopima projesteroni peke yake walikuta viwango vidogo mno, wakabaki kushangaa mnyama huyu anabebaje mimba ya miezi 22. Kwa hiyo kabla ya kupima spishi mpya, maabara lazima ithibitishe kwanza kwamba kipimo chake kinayatambua mabaki ya mnyama huyo.

Ukiingia maabara utaona sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kinyesi kilichokaushwa na kusagwa hutikiswa na alkoholi ya maabara ili homoni zitoke, kisha maji yake huwekwa kwenye vishimo pamoja na kingamwili na kemikali ya rangi. Mgeni hudhani kishimo chenye rangi iliyokoza ndicho chenye homoni nyingi. Ni kinyume chake. Homoni ya mnyama hugombea nafasi na homoni iliyofungwa kimeng'enya cha rangi, kwa hiyo kishimo kilichofifia ndicho chenye nyingi.

Bora mkojo au bora kinyesi?

Inategemea mnyama. Jamii yote ya paka, yaani simba, chui, duma na wenzao, hutoa karibu homoni zake zote za uzazi kwa njia ya kinyesi. Ukipima projesteroni kwenye mkojo wa duma utapoteza fedha. Panda wa China na nyani wakubwa (gorila, sokwe mtu na orangutani) hupimwa vizuri kwa mkojo. Tembo, faru, twiga na swala hupimika kwa vyote viwili, lakini kinyesi ni rahisi kukipata.

Mkojo una faida ya kuleta habari mbichi, za saa chache zilizopita. Kinyesi huchelewa kwa muda ambao chakula hukaa tumboni: kwa wanyama wanaocheua, kinyesi cha leo kinasimulia habari za jana, kwa tembo na faru zinaweza kuwa za juzi. Mkojo nao una kero yake. Mnyama aliyekunywa maji mengi hukojoa mkojo mwepesi na homoni zinaonekana kupungua ilhali hazijapungua. Ndiyo sababu maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiwango kisichobadilika sana, na kusahihisha hesabu kwayo.

Wanyama wanne wanalala banda moja. Mtajuaje kinyesi ni cha nani?

Swali zuri, na majibu mengi mabovu huanzia hapa. Njia inayotumika sana kwenye bustani za wanyama ni kumlisha kila jike alama yake. Mmoja anawekewa kwenye nyama punje za kumetameta zisizo na sumu, zile za mapambo, rangi ya buluu. Mwenzake anapewa za kijani. Wa tatu anapewa rangi ya chakula. Kesho yake mhudumu anaingia na ndoo, anakiona kinyesi kinachometameta kijani, na hana haja ya kubahatisha. Kwa wala majani, mbegu ndogo au shanga laini za plastiki zilizofichwa ndani ya tunda hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa mkojo, mhudumu husubiri mnyama akojoe kwenye sakafu ya saruji iliyooshwa na kukauka, kisha huuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sokwe wengi hufundishwa kukojoa kwenye kikombe kwa kupewa zabibu. Na si lazima sakafu iwepo. Mtafiti wa Kimarekani Jay Kirkpatrick na wenzake walionyesha kwamba farasi wanaoishi bila kufugwa wanaweza kupimwa mimba kwa mkojo uliochotwa pamoja na udongo au theluji ulikomwagikia.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mhudumu: chukua kinyesi cha katikati ya bonge, si cha juu kilichopigwa na mkojo wa jirani. Kiasi cha kujaza kijiko kinatosha. Andika jina la mnyama, tarehe na saa kwa penseli au kalamu ya wino usiofutika. Mfuko usioandikwa ni wa kutupwa, hata kama unakumbuka ulikoutoa.

Hatuna friza. Kinyesi kitakaa muda gani kabla hakijaharibika?

Si muda mrefu. Bakteria waliomo kwenye kinyesi huendelea kuzibadili homoni hata baada ya kinyesi kutoka, na kwenye joto la Pwani mabadiliko hayo huonekana ndani ya saa chache. Wakati mwingine viwango hushuka, na wakati mwingine hupanda, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu linaweza kukupa mimba isiyokuwepo.

Penye umeme wa uhakika, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Pasipo umeme, kuna njia mbili zinazotumika porini: kukausha kinyesi kilichotandazwa kwa wembamba kwenye oveni ndogo, hata ya gesi, au kukitumbukiza mara moja kwenye alkoholi ya kiwango cha juu. Chagua moja na ushikamane nayo msimu mzima. Ukikausha sampuli za Januari na kuloweka za Februari, hutaweza kuzilinganisha.

Sampuli moja haitoshi?

Haitoshi. Hakuna namba moja ambayo ukiivuka una mimba. Kila jike ana kiwango chake cha kawaida, na ni lazima ukijue kwanza.

Mchukue tembo. Mzunguko wake wa uzazi ni mrefu kuliko wa mamalia karibu wote, wiki 13 hadi 17, na ndani yake projesteroni hukaa juu kwa wiki 6 hadi 12 hata kama hakupandwa na dume. Ukipima wiki ya tano baada ya kupandwa ukakuta kiwango kiko juu, hujajua chochote. Ukiendelea kila wiki na kiwango kikakataa kushuka baada ya wiki ya 12, hapo una sababu ya kumwambia mkuu wa bustani. Twiga ni rahisi zaidi kwa sababu mzunguko wake ni wa siku 15 hivi: kiwango kikikaa juu zaidi ya mwezi bila kushuka, karibu hakika kuna ndama, na utamsubiri kwa takribani miezi 15.

Okapi, binamu yake wa msitu wa Ituri, hubeba kwa miezi 14 hadi 15 na tumbo lake halisemi mengi hadi mwishoni. Juni 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu, huko Kongo, wakaua watu sita na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Tangu hapo kila jike wa okapi aliye kwenye bustani za wanyama ni akiba ya spishi, na kumpima kinyesi kila wiki ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kinachopiganiwa.

Mimba ya uongo ni nini, na kwa nini inawasumbua wataalamu?

Ni hali ambayo mwili wa jike unaendelea kana kwamba una mimba wakati hauna kitu. Projesteroni inapanda, matiti yanajaa, jike anapunguza kula, anajenga kiota au kuingia pangoni, halafu hakuna kinachozaliwa. Kwa jamii ya mbwa ni jambo la kawaida kabisa: jike wa mbwa mwitu aliyepevusha yai na asishike mimba hupitia kipindi kirefu cha projesteroni kinachofanana na cha mwenzake mwenye mimba. Dubu na panda nao ni hivyohivyo.

Kwa duma kuna pa kushikilia. Mimba yake ni ya siku 93 hivi, na mimba ya uongo kwa kawaida huisha karibu siku ya 55. Hivyo ukiona projesteroni kwenye kinyesi bado iko juu siku ya 65, anza kuandaa pango. Lakini umeshasubiri miezi miwili, na kwa mhudumu aliyemtenga jike na wenzake ni muda mrefu. Watafiti walitafuta kitu kingine na wakakipata: mabaki ya prostaglandini, kemikali inayotoka kwenye kondo la nyuma na mfuko wa uzazi. Yakionekana kwenye kinyesi cha jamii ya paka katika theluthi ya mwisho, mimba ni ya kweli, kwa sababu jike wa mimba ya uongo hana kondo.

Kwa dubu mweupe wa nchi za baridi mambo bado ni magumu. Kiinitete chake huelea kwa miezi bila kujishikiza kwenye mfuko wa uzazi. Mwaka 2013 bustani ya Cincinnati, Marekani, ilitangaza kwamba imemfundisha mbwa aina ya beagle aitwaye Elvis kunusa kinyesi cha dubu na kutofautisha chenye mimba na kisicho nayo. Wazo lilikuwa zuri na linastahili kuendelezwa, ila hadi leo wanaotunza dubu hao huandaa pango kwa kila jike aliyepandwa, awe na mimba au asiwe nayo. Nadhani wanafanya sawa.

Na panda? Kila mwaka tunasikia ana mimba, kisha hana.

Kwa sababu panda anakusanya matatizo yote kwa pamoja. Anaingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, na muda anaoweza kushika mimba ni siku moja hadi tatu. Kiinitete chake huchelewa kujishikiza kama cha dubu wengine. Mimba yake ya uongo inafanana na ya kweli hadi kwenye homoni. Na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi kwenye tumbo la mama wa kilo 90 au zaidi, kwa hiyo huwezi kuliangalia tumbo ukajua.

Mkojo wake hupimwa kila siku msimu mzima. Projesteroni ikipanda mara ya pili, wahudumu hujua kwamba ndani ya wiki saba hivi ama atazaa ama mimba ya uongo itaisha. Hiyo inawasaidia kupanga zamu za usiku, ila haiwaambii ni lipi kati ya mawili. Mwaka 2011 watafiti wa Memphis, Marekani, walionyesha kwamba protini iitwayo seruloplazmini hupanda kwenye mkojo wa panda mwenye mimba mapema, na haipandi hivyo kwa mwenye mimba ya uongo. Yalikuwa maendeleo makubwa, lakini bado si jibu la mwisho, maana mimba iliyoanza ikaharibika mapema nayo huacha alama hiyohiyo.

Kinachomaliza ubishi ni altrasaundi. Mei Xiang wa Washington, ambaye alikuwa amepitia mimba za uongo miaka kadhaa, alionekana na kijusi kwenye altrasaundi katikati ya Agosti 2020, na tarehe 21 Agosti akazaa akiwa na miaka 22.

UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) ya duka la dawa inafanya kazi kwa wanyama?

Kwa gorila, sokwe mtu na orangutani, ndiyo. Kijiti kilekile cha wanawake, mkojo uleule wa asubuhi, mistari miwili ileile. Kinatambua homoni ya hCG inayotoka kwenye kondo, na ya nyani wakubwa inafanana na ya binadamu kiasi cha kutosha. Bustani nyingi hukitumia kama hatua ya kwanza.

Kwa tumbili na nyani wa kawaida hakitegemeki, kwa sababu homoni yao ni tofauti kidogo na hutokea kwa muda mfupi. Kwa simba, tembo, faru au swala hakifai kabisa. Hawana homoni hiyo. Ukiona mstari mmoja kwenye mkojo wa twiga, hujapima kitu.

Na kwa wanaopenda historia: kabla ya vijiti hivi, wanawake ndio waliopimwa kwa msaada wa mnyama pori. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za nchi nyingi zilifuga chura mwenye kucha wa Afrika Kusini. Alichomwa mkojo wa mwanamke, na kama kulikuwa na mimba alitaga mayai kabla siku haijaisha.

Nimesikia kuna wadudu wanaotumika kupima mimba. Kweli?

Kweli, na ni moja ya kazi ninazozipenda kuliko zote katika fani hii. Mnyama aliyehusika ni linksi wa Iberia, paka mwitu wa Hispania na Ureno, ambaye mwaka 2002 alibaki chini ya 100 porini. Linksi huyu alikuwa na tatizo la peke yake: tezi zake za projesteroni hazifi baada ya kuzaa, zinaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kupima projesteroni kwenye kinyesi hakukusaidia chochote. Homoni iliyofaa ni relaksini, inayotoka kwenye kondo, na hiyo ilipimika vizuri kwenye damu. Mtu ataichukuaje damu ya linksi mwenye mimba bila kumkamata?

Watafiti walichukua wadudu wanyonya damu, jamaa ya kunguni, waliozalishwa maabara na wasio na ugonjwa wowote, wakawaficha kwenye vitundu vya ubao wa gome la mti uliowekwa pale jike anapolala. Linksi akajilaza, mdudu akanyonya, na jike hakushtuka. Baadaye mdudu akatolewa na damu aliyoibeba ikavutwa kwa sindano na kupimwa. Mwaka 2024 linksi huyo alishushwa ngazi moja, kutoka kundi la wanyama walio hatarini kutoweka hadi la walio katika hali tete, akiwa amevuka 2,000. Sababu kubwa ni kurudishwa porini, sungura kuongezeka na barabara kufanywa salama. Lakini kituo cha uzalishaji kisichojua jike gani ana mimba hakiwezi kupanga lolote.

Na faru wetu je?

Faru mweusi hubeba kwa takribani miezi 15 hadi 16, mweupe miezi 16. Kwa kinyesi cha faru mweusi, mabaki ya projesteroni huanza kupanda kwa namna isiyo na shaka mwezi wa tatu hadi wa tano. Faru mweupe ana mtego: majike wengine wana mzunguko wa siku 30 hivi, wengine wa zaidi ya 60, na katika mizunguko hiyo mirefu homoni hukaa juu bila mimba yoyote. Anayetoa majibu ya faru mweupe kabla ya mwezi wa tatu kwa kinyesi peke yake anapiga ramli.

Umuhimu wake kwetu ni wa moja kwa moja. Faru weusi waliozaliwa kwenye bustani za Ulaya wameletwa Mkomazi, Tanzania, na watano wakapelekwa Akagera, Rwanda, mwaka 2019. Safari ya namna hiyo, ya sanduku na ndege na mabadiliko ya chakula, haipangwi bila kujua kama jike ana mimba na ni ya miezi mingapi. Kwenye hifadhi ya faru iitwayo Ziwa, Uganda, nchi ambako faru walikuwa wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009 na mama aliyetoka Marekani.

Halafu kuna Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki faru weupe wa kaskazini wawili tu duniani, Najin na binti yake Fatu, na wote hawawezi kubeba mimba. Septemba 2023 wanasayansi walipandikiza viinitete vya faru mweupe wa kusini kwa jike aitwaye Curra, kama jaribio kabla ya kutumia viinitete vya kaskazini. Novemba Curra akafa kwa bakteria wa udongoni waliofumuliwa na mvua kubwa. Alipopasuliwa alikutwa na kijusi dume cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4. Ilikuwa mimba ya kwanza ya faru kwa njia ya kupandikiza kiinitete, na dunia iliijua kutoka kwenye mzoga wa mama. Kila ninapoulizwa kwa nini tunahitaji kipimo cha faru kinachotoa jibu ndani ya wiki chache, huyo ndiye mfano wangu.

Altrasaundi nayo si ya kumsumbua mnyama?

Inategemea imefanywaje. Kama mnyama amefundishwa kwa miezi, anakuja mwenyewe kwenye nondo, anaegesha ubavu, anapakwa jeli huku anakula tikiti maji na anaweza kuondoka akitaka, mimi sina tatizo nayo. Cincinnati walimfundisha kiboko Bibi hivyo, wakapata picha ya kijusi chake kabla ya mtoto huyo, Fiona, kuzaliwa Januari 2017 wiki sita kabla ya wakati, akiwa na kilo 13. 

Kwa tembo na faru kifaa mara nyingi huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Tembo aliyezoeshwa huvumilia vizuri, lakini siwezi kukiita kipimo cha kutomgusa mnyama.

Na zile kamera zinazoonyesha joto?

Zinasaidia mwishoni mwa mimba, ambapo ubavu wenye kijusi hutoa joto zaidi. Zimejaribiwa kwa pundamilia, faru na wengineo. Jua, matope, manyoya mazito na tumbo lililojaa majani yanayochacha vyote huharibu picha. Piga alfajiri, mnyama akiwa mkavu, na usiitegemee peke yake.

Kuna mnyama anayeonekana mimba kwa macho tu?

Yupo, na ni Mtanzania. Chura wa Kihansi hatagi mayai. Huzaa vyura wadogo waliokamilika. Ngozi ya tumbo lake ni angavu, kwa hiyo ukimwangalia jike kupitia kioo mara nyingi unawaona watoto wake ndani. Chura huyu aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa bustani za Marekani, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliookolewa walizaliana Bronx na Toledo, 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Mhudumu wa vyura hawa hahitaji vishimo 96. Tochi inamtosha.

Kuna hatari kwa anayekusanya?

Ipo. Vaa glavu na barakoa, hasa unaposaga kinyesi kikavu. Kinyesi cha jamii ya paka kinaweza kuwa na toksoplazma, vimelea vinavyoweza kudhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asikiguse kabisa, hata kama ndiye mzoefu kuliko wote.

Tukishajua ana mimba, tufanye nini tofauti?

Sitisha mipango ya kumhamisha na chanjo au dawa zisizo za lazima. Ongeza chakula kwa kiasi. Jike mnene kupita kiasi huzaa kwa shida. Mtenge na dume kwa spishi ambazo dume huua watoto. Weka kamera pangoni mapema ili azizoee, si wiki ya kuzaa. Na usiache kukusanya sampuli, kwa sababu homoni ikishuka ghafla katikati ya ujauzito, mimba imeharibika, na ni bora ujue.

Kwa tembo, projesteroni hushuka hadi chini kabisa siku 2 hadi 5 kabla ya kuzaa. Kinyesi kinachelewa kama siku mbili, hivyo taarifa inaweza kukufikia ndama akiwa ameshasimama. Ndiyo maana kwa siku za mwisho bustani nyingi huchukua damu ya sikio kila siku kwa tembo aliyefundishwa.

Maabara yetu ni ya nje ya nchi. Kinyesi kinahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini?

Kinyesi na mkojo vilivyopatikana bila kumshughulisha mnyama huhesabiwa kuwa taka, na masharti ya CITES hayavigusi. Damu ya mnyama huyohuyo ikihitajika, kibali ni lazima. Hata hivyo nchi inayopokea huwa na masharti yake ya afya ya mifugo, hasa kwa sampuli za wanyama wenye kwato, na hapa kwetu utafiti wa wanyamapori unahitaji ruhusa: Tanzania anzia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, Kenya anzia WRTI, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori. Omba mapema, kabla ya msimu wa kupandana, kwa sababu kinyesi kilichokaa kwenye friza miezi sita kikisubiri barua kitakuambia juu ya mimba ambayo imeshazaliwa.